Thika Road Si Traki Yako

Kama una hechibeki kali, hizi Golf GTI, Polo GTI, Swift Sport, Fit RS na jamaa zao, na tangu itoke bandarini hujawahi kuipeleka hata siku moja mahali palipofungwa, penye mtu wa bendera na ambulensi kando, basi wewe huna gari la mbio. Una spika yenye magurudumu manne. Na tunaisikia. Tunaisikia saa sita usiku ikitoka Muthaiga kuelekea Roysambu, egzosi inapiga risasi kila ukiachilia mafuta, mtoto wa jirani anaamka akidhani ni wezi. Sibishani nawe kuhusu kasi. Kasi unayo. Ninachouliza ni umeipeleka wapi.

Msinielewe vibaya. Mimi si wale wa kumwandikia chifu barua za kulalamikia kelele. Haya magari nayapenda vibaya sana. Naendesha Swift Sport ya gia za mkono, ile ya lita 1.4 yenye turbo, Jumatatu hadi Ijumaa, Ruaka hadi Upper Hill, ndani ya jamu ileile mnayokaa nyinyi, na nyuma kuna kiti cha mtoto na mfuko wa viazi. Mara nne au tano kwa mwaka natoa hicho kiti, natoa jeki na tairi la akiba, navaa helmeti na kuliingiza kwenye koni. Jioni narudisha kiti mahali pake, napitia maziwa dukani, naenda nyumbani. Gari ni lilelile. Huo ndio utamu wote wa aina hii ya gari, na ndiyo sababu nimekasirika. Mmechukua kitu chenye maisha mawili, mkatupa moja, halafu hilo lililobaki mnalimwagia watu wengine barabarani.

Hii aina ya gari ilizaliwa na akili zake. Mwaka 1974 wahandisi wachache wa Volkswagen walianza kuchezea wazo la Golf yenye makali, kazi ya pembeni ambayo mwanzoni haikuwa na baraka rasmi za wakubwa. Gari likaonyeshwa Frankfurt mwaka 1975, likaingia sokoni 1976. Mpango ulikuwa kutengeneza 5,000 tu. Kizazi hicho cha kwanza kikaishia kuuza zaidi ya laki nne. Sasa niambie, lilikuwa na nguvu ya farasi wangapi? Mia moja na kumi. 110! Leo ukitaja namba hiyo kwenye kikao cha wasee wa magari hapa Nairobi, unapewa chai na kuulizwa kama ni gari la shangazi. Lakini lilikuwa na uzito wa kilo mia nane na kitu. Lilibeba familia, lilibeba mizigo, na mtu wa mshahara wa kawaida angeweza kulipigisha kona akacheka peke yake. Siri ilikuwa wepesi. Sisi tumerithi herufi tatu za nyuma, siri tukaiacha Ujerumani.

Ukitangaza kwamba unatafuta gari kama hili, kambi mbili zitakushukia.

Ya kwanza ni kambi ya wazee. Mjomba wangu alinikalisha chini nikiwa na pesa mfukoni. "Kijana, gari ni ya kukupeleka na kukurudisha. Chukua Fielder. Ukiichoka asubuhi, jioni imeuzwa." Nikamwambia, "Sawa mjomba, nimekusikia. Lakini hata shati sinunui nikimfikiria mtu nitakayemuuzia." Alicheka, ila hakukubali, na sitamdharau kwa hilo. Hoja yake ina miguu. Spea za Fielder unazipata Kirinyaga Road ukiwa umefumba macho, na hakuna fundi nchini asiyeijua. Kinachonikera kwa kambi hii ni kitu kimoja tu: wanaona furaha ya kuendesha ni utoto unaopaswa kukutoka ukishaoa. Ukimfundisha kijana kwamba kupenda gari ni ujinga, hataacha kulipenda. Atalipenda kwa siri, usiku, barabarani, bila mtu mzima wa kumwelekeza.

Kambi ya pili ndiyo hatari zaidi, kwa sababu inazungumza lugha yetu. Hii ni mbogi ya steji. Gari halijamaliza wiki mbili Nairobi, plati bado mpya, tayari mtu ameambiwa aandikishe upya programu ya injini. Steji 1. Mwezi unaofuata egzosi, bomba la hewa, steji 2. Kila mtu ana namba ya farasi anayoitaja kama wazee wanavyotaja ekari. Waulize swali moja dogo: mafuta ya breki ulibadilisha lini? Kimya. Tairi zako ni za mwaka gani? Kimya kingine. Nimewahi kuulizana hivi na msee aliyekuwa ametumia zaidi ya laki mbili kwa nguvu, na pedi zake za breki zilikuwa zimebaki nyembamba kama kadi ya ATM.

Hebu tupige hesabu kidogo, haiumi. Nishati ya gari linalokwenda haiongezeki sambamba na kasi. Inaongezeka kwa mraba wa kasi. Ukitoka 50 hadi 100, kazi ya breki haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Ukitoka 100 hadi 140, ambayo kwa dashibodi ni sindano kusogea kidogo tu, kazi inakaribia mara mbili tena. Nishati hiyo yote inageuka joto. Joto linaingia kwenye diski na pedi, linapenya kalipa, linafika kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya kiwango cha DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yavumilie angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Yakishanyonya unyevu wa hewa, na huunyonya kila siku hata gari likiwa limeegeshwa, kiwango chenyewe kinaruhusu yachemke kwa nyuzi 155 hivi. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama sponji. Unakanyaga pedali inashuka mpaka chini, na gari linaendelea na safari yake.

Nimeliona kwa macho. Ilikuwa Jumapili, nje ya mji, kiwanja cha kukodi chenye lami, koni za rangi ya machungwa, watu kama thelathini na magari yao ya kazini. Jamaa mmoja alikuja na hechibeki ya Kijerumani aliyoiongezea nguvu mpaka karibu farasi 300. Mzunguko wa kwanza alituacha midomo wazi. Wa pili hivyohivyo. Wa nne alifika mwisho wa mstari ulionyooka, taa za breki zikawaka, na gari halikupunguza kitu. Lilipita katikati ya koni zote, likaingia nyasi, likasimamishwa na rundo la tairi kuukuu. Alishuka akicheka, lakini mikono ilikuwa inatetemeka. Mama mmoja aliyekuwa na bendera ya pembeni alimfikia wa kwanza. Hakumgombeza. Alimwambia tu, "Kijana wangu, shukuru. Hii ingekushika kesho asubuhi Waiyaki Way." Tulipofungua kidebe cha mafuta ya breki, yalikuwa meusi kama kahawa ya kibanda. Siku hiyohiyo dada mmoja mwenye Vitz RS kuukuu alizunguka kuanzia asubuhi hadi saa kumi, akapumzika kula samosa, akarudi tena, na jioni akaendesha hadi kwake.

Ndiyo maana nasema traki si anasa. Traki inatafuta ugonjwa wa gari lako na wa akili yako mahali ambapo ugonjwa huo unaua koni. Barabara inautafuta pia, lakini haikuambii imeupata mpaka kuwe na mtu chini.

Basi tununue nini? Nitasema ninachoamini, wenye Golf mnisamehe.

Nunua jepesi. Swift Sport ya kuanzia 2017, ya gia za mkono, ina farasi 140 na uzito wa kilo 970 kwa karatasi za Japani. Golf GTI ya kizazi cha saba ilianza na farasi 220 na kilo karibu 1,390. Ukigawanya uzito kwa nguvu, karatasini Golf inashinda kidogo tu. Lakini hizo kilo mia nne za ziada ni kama kubeba watu wazima watano ambao hawashuki. Unawabeba kwenye kila kona, kila breki, kila lita ya petroli, na wewe ndiye unayewanunulia tairi.

Halafu kuna mlima. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyembamba. Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 15 au zaidi ya nguvu zake hapa, hata ukiwa umeiosha na kuiombea. Fit RS iliyoandikwa farasi 132 haitakupa farasi hao Limuru. Turbo hufidia sehemu kubwa ya hasara hiyo. Kwa hivyo turbo ndogo kwenye mwili mwepesi ndiyo inayofaa mji huu. Na kama mfuko unaruhusu Fit RS au Vitz RS tu, chukua bila aibu. Gari la nguvu ndogo ndilo linalofundisha. Lile la nguvu nyingi linakusamehe makosa kwenye mstari ulionyooka, halafu linakusubiri kwenye kona.

Kodi nayo ina maoni. Ukiagiza, unalipa ushuru wa forodha asilimia 35, juu yake ushuru wa bidhaa, juu yake VAT ya asilimia 16, na tozo ndogondogo pembeni. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 kwa injini isiyozidi 1,500 cc, na 25 ukivuka hapo. Swift ya lita 1.4 iko upande wa nafuu, Golf ya lita 2.0 iko ule mwingine. Na kwa kuwa gari haliruhusiwi kuingia likiwa limezidi miaka minane, zile Golf za kizazi cha tano na cha sita mnazoziona zikiuzwa bei poa zimekuwa hapa muda mrefu, zimepitia mikono, na baadhi ya mikono hiyo ni ya mbogi ya steji.

Ukilazimika kununua Golf, na najua moyo haupangiwi, nunua kwa macho makavu. Ya kizazi cha tano, mwambie fundi afungue pampu ya petroli ya shinikizo la juu aangalie kile kikombe kidogo kinachokaa kati yake na kamshafti. Kikitoboka, kinaila kamshafti. Ya kizazi cha sita, ifikie asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, iwashe mwenyewe, usikilize mnyororo wa taiming. Ukigugumia, rudi nyumbani. Kama ina giaboksi ya DSG ya gia sita, mafuta yake hubadilishwa kila kilomita 60,000. Omba risiti. Anayekwambia ni ya maisha anamaanisha maisha yake, akishakuuzia hamtaonana. Na kwa gari lolote la Japani, itafute karatasi ya mnada kwa namba ya chasisi. Herufi R kwenye daraja inamaanisha liligonga likarekebishwa. Picha ya simu iliyokatwa pembe haihesabiki.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo wengi mnaanguka. Bajeti yako yote usiimalizie kwa gari. Kabla hujampigia muuzaji simu, ondoa sehemu moja ya kumi uifiche mbali. Hiyo ni ya kusimama. Tairi nne za aina moja, mpya, si zile kuukuu zilizong'arishwa na mafuta ya taa. Soma namba nne za mwisho ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi hilo limezeeka hata kama meno yanang'aa. Pedi za breki zinazovumilia joto. Mafuta mapya ya breki kila mwaka, na kabla ya kila siku ya traki kama unaenda mara kwa mara. Bushi, shoki, na alainimenti iliyopimwa kwa mashine, si kwa kamba. Petroli ya daraja la juu, kwa sababu haya magari ya turbo kutoka Japani yameandikiwa haioku, na injini iliyoongezwa nguvu kwa petroli ya chini hugonga polepole hadi pistoni inatoboka.

Rimu usiziongeze. Najua inchi 18 zinapendeza kwa picha. Lakini gari hili utaishi nalo. Kuna bampu za mtaa ambazo hazijachorwa, kuna mashimo ya Eastern Bypass yanayozaliwa kila mvua ikinyesha, na tairi jembamba kama chapati halina cha kukuokoa. Rimu ndogo na tairi lenye nyama kidogo litakupeleka kazini na litakushikia kona vilevile. Hali kadhalika kushusha gari. Gari lililoshushwa mpaka linakwaruza geti la ploti haliwezi kuitwa gari la kila siku, na kwa kuwa shoki zake zinagota, kwa traki pia ni bure.

Kisha chukua polisi yako ya bima, ile kubwa unayolipia kila mwaka. Usisome ukurasa wa kwanza wenye picha ya familia inayotabasamu. Nenda kwenye mambo isiyoyagharamia. Polisi za kawaida za magari huondoa mashindano ya mbio, majaribio ya kasi, na kupandisha vilima kwa muda. Ukivunja gari uwanjani, umevunja lako. Na ukivunja Thika Road mkipimana, usidhani uko salama: mbio ni mbio, na mkaguzi wa bima ana macho na pia ana video za simu za mashabiki wako. Ongezea hapo kwamba ulibadilisha injini na hukuwaambia.

Kwa hivyo nina kipimo kimoja ninachowapa wote wanaoniuliza. Fikiria gari limebaki uwanjani, bampa iko huku, redieta iko kule. Mwezi ujao utalipa kodi ya nyumba? Karo? Mkopo wa Sacco? Kama jibu ni hapana, gari hilo ni ghali kwako, hata kama benki imekubali jina lake liwe kwenye logbuku kando ya lako. Shuka daraja moja. Afadhali Vitz RS unayoweza kuiumiza kuliko GTI unayoiogopa. Anayeogopa gari lake mwenyewe haliendeshi vizuri popote. Traki halipeleki kwa sababu ya mkopo, halafu usiku analipeleka bypass kwa sababu ya marafiki. Hesabu hiyo sijawahi kuielewa.

Tuiongelee sasa hiyo bypass. Hata kwenye barabara kuu ya njia mbili, sheria yetu inakoma 110 kwa gari dogo la binafsi. Takwimu za NTSA zinaonyesha watu zaidi ya 4,000 wanakufa barabarani Kenya kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni watembea kwa miguu. Hao hawako kwenye mazungumzo yenu ya farasi. Ni bawabu anayetoka zamu ya jioni akavuka pale Githurai kwa sababu daraja la miguu liko mbali na lina giza. Ni mama anayefunga kibanda Allsops. Ni kijana wa baiskeli Southern Bypass alfajiri, wakati nyinyi mnarudi na wenzenu wanaanza siku.

Kwa kasi ya 140 gari linakula karibu mita 39 kila sekunde. Mpe dereva mzuri, asiyelewa, asiyechoka, sekunde moja na nusu ya kuona, kuelewa na kukanyaga. Mita 58 zimepita na breki bado hazijashika kitu. Usiku, taa zako za kawaida zinaona umbali kama huo, labda zaidi kidogo. Bawabu amevaa koti jeusi. Usiniambie unaijua barabara. Barabara unaijua, bawabu humjui.

Najua jibu mlilonalo, nimelisikia kila mahali. "Manze, kwani tuende wapi? Kenya haina traki." Hapo nitawapa nusu ya haki yenu. Ni kweli, hatuna hata uwanja mmoja wa lami wa kiwango cha kimataifa. Ukitaka Kyalami, panda ndege. Wajerumani wana Nordschleife, kilomita 20.8 za kona zilizofunguliwa 1927, ambako mtu wa kawaida hulipa getini akaingia na gari lake la kubebea watoto. Hapa, Safari Rally, ambayo ilianza 1953, ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, serikali ikashangilia, helikopta zikaruka Naivasha, tukajaza nyama choma kando ya vumbi. Na kijana wa Kayole mwenye Vitz aliyepigana miaka mitatu kuinunua hakupata hata ekari moja ya kujifunzia kona. Hilo ni kosa la wakubwa, na ni kosa linaloua.

Lakini nusu nyingine ni uvivu wenu. Watu walishawahi kufunga barabara Kiambu wakafanya mbio za kushindana na saa, wakaziita Kiamburing kwa kuitania ile ya Ujerumani, na mtu mmoja mmoja aliingia na gari lake barabara ikiwa imefungwa. Autokrosi za vumbi zipo, ziko kwenye kalenda ya shirikisho. Go-kati zipo Lang'ata, na dakika kumi ndani ya go-kati zitakuonyesha kama unajua mstari wa kona au unajua kelele tu. Magari thelathini yakichanga, mnakodi kiwanja, mnanunua koni, mnalipa ambulensi, mnatafuta mtu wa bendera asiyeogopa kumfukuza rafiki yake. Nimehudhuria siku kama hizo. Mchango wangu haujawahi kufika nusu ya bei ya egzosi yako.

Na msiniambie gari dogo halina heshima. Mwaka 1993 Subaru walileta Vivio tatu kwenye Safari Rally. Vivio ni kile kigari cha 660 cc ambacho ukikiona sokoni unadhani ni cha kuuzia mayai. Moja lilipewa Colin McRae, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia. Halikumaliza. La Mkenya, Patrick Njiru, lilimaliza nafasi ya 12 kati ya magari yote na kushinda daraja lake. Watu wa Celica walichukua nafasi nne za kwanza, sawa, na hongera kwao. Lakini Njiru alifika na injini ndogo kuliko ya pikipiki nyingi kubwa, kwa sababu alijua gari lake linavumilia nini na barabara inataka nini. Huo ndio ujuzi. Haununuliwi kwa steji.

Ninachodai basi ni vitu viwili, na nitavidai kwa sauti ya juu kuliko egzosi zenu.

Kwa serikali na kaunti: fungueni maegesho. Kasarani iko palepale kando ya Thika Road, na asubuhi nyingi za Jumapili lami yake inalala tupu ikiota jua. Jamhuri Park ina uwanja mpana ambao hautumiki sehemu kubwa ya mwaka. Hatuombi bilioni wala mgeni rasmi. Tunaomba geti, choo, nafasi ya ambulensi, na ada ambayo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuilipa. Mkishindwa, msije na vizuizi usiku kukusanya vijana na kuchukua kitu kidogo, halafu mkaita hiyo usalama barabarani.

Kwa nyinyi wenye magari: mkiendelea kupimana barabarani, hakuna afisa atakayetupa Kasarani. Kila video yenu ya 200 kwenye bypass ni barua ya kukataliwa mnayotuandikia sisi wote. Mbunge akitaka kupiga marufuku magari yenye turbo, atasimama Bungeni na simu yako mkononi. Na siku mtakapomgonga yule bawabu, hamtabeba mzigo huo peke yenu. Familia yake itaubeba kwanza, na miaka mingi kuliko nyinyi.

Kama bado unanunua, nunua. Usimsikilize mjomba wangu kwa yote. Hii ni furaha halali, na maisha ya mji huu ni magumu kiasi kwamba mtu anahitaji kitu cha kumchekesha akirudi kazini, hata kama ni gia ya pili tu kwenye kona ya Red Hill kwa kasi inayokubalika. Chukua jepesi. Liache injini yake kama lilivyotoka kiwandani kwa mwaka mzima. Pesa ya egzosi weka kwenye tairi na breki, na itakayobaki lipia mchango wa kiwanja. Mwezi ujao tunakodi tena. Njoo na helmeti, njoo na mafuta mapya ya breki, na ukifika, kabla hujaniambia farasi wako ni wangapi, nitakuomba ukanyage pedali niione.